Shule ya parokia au shule ya masista: mzazi wa Lubumbashi atapata kiti wapi?

Watoto wakishapewa buletini, ripoti ya masomo, mwanzoni mwa Julai, Lubumbashi nzima inabaki na swali moja: Septemba mtoto ataingia shule gani? Kwenye shirika letu, jumuiya ndogo ya sala hapa mtaani Katuba, sala ikiisha wamama hawaendi nyumbani. Wanabaki uani na baridi yote ya mwezi huo, kila mmoja na shuka begani, wanaulizana. Minervali, yaani ada, ni ngapi? Mwaka jana walipita wangapi kwenye mtihani wa taifa? Kifaransa cha watoto kikoje? Sare wanashona wapi?

Swali ambalo silisikii ni hili: mimi mzazi, nitakuwa nani katika shule ile? Nitaitwa siku ya kulipa tu, au nitakuwa na kiti?

Nina watoto katika shule ya parokia tangu mwaka 2014. Binti yangu mkubwa alihamia kwa masista mwaka 2020 alipoanza la saba. Wa katikati nilimwanzisha huko kwa masista tangu darasa la kwanza, kisha nikamrudisha parokia alipofika la tatu, na sababu nitaieleza. Kwa masomo, nimeona pande zote mbili mwalimu hodari na mwalimu aliyechoka. Tofauti kubwa niliyoiona inamhusu mzazi, na juu ya hiyo ndiyo naandika.

Zote za Kikatoliki, lakini mwenye nyumba si mmoja

Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizitoa shule mikononi mwa makanisa. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa walitia sahihi mkataba, shule zikarudi chini ya uongozi wa makanisa huku zikibaki mali ya umma. Ndiyo maana tunaziita konvansione, yaani za mkataba. Shule nyingi za parokia zetu ni za namna hiyo: serikali inatoa programu, inaleta mwinspekta na kulipa walimu walio kwenye orodha yake, na Kanisa kwa njia ya Koordinasio ya jimbo, ofisi yake ya shule, linapendekeza direktere, mkuu wa shule, na kusimamia malezi.

Shule binafsi iliyokubaliwa na serikali ni nyumba nyingine. Programu ni ileile na mtihani wa taifa ni uleule, ila mwenye shule ni shirika la kitawa. Masista wanaajiri, wanalipa, wanapanga.

Usidanganywe na sanamu ya Bikira Maria getini. Kuna masista na mapadri wanaoongoza shule za konvansione pia. Wasalesiani wako mji huu tangu 1911, na kazi zao si za aina moja. Kwa hiyo kabla ya kuandikisha mtoto, uliza waziwazi: shule hii ni konvansione au ni binafsi? Jibu lake linakuambia fedha zitaamuliwa wapi, na malalamiko yako yatafika kwa nani.

Parokia, milango ni mingi na njia ni ndefu. Direktere yuko chini ya Koordinasio, padri paroko ana neno lake, komite ya wazazi ina lake, na juu ya meza kuna baraza la uongozi la shule ambamo wajumbe wa wazazi wanakaa pamoja na direktere na walimu. Mlango mmoja ukifungwa unabisha mwingine. Ubaya wake, jambo dogo linaweza kuzunguka miezi mitatu. Kwa masista mlango ni mmoja, ofisi ya masere mkubwa, yaani sista mkuu. Akikukubalia, jambo linaisha siku hiyohiyo. Akikataa, huna pa kwenda, labda kumhamisha mtoto.

Mkutano wa wazazi: lugha, siku, na viti

Hapa ndipo nimejifunza zaidi, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Mkutano wa parokia unafanyika Jumapili baada ya misa ya pili, mara nyingi kanisani kwenyewe kwa kuwa hakuna darasa linalotosha. Watu wanasema Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Mama anayeuza mkaa anasimama, anashika kanga yake, anasema: «Baba direktere, heshima yako. Batoto yetu banamuke banaogopa choo ya masomo, banakaa na mukojo mpaka kurudi nyumbani.» Nilikuwepo siku hiyo. Direktere, kwenye ripoti yake ya Kifaransa, alikuwa ameandika kwamba hali ya usafi inaridhisha. Yule mama hajui Kifaransa na hakuisoma ripoti. Alisema alichokiona kwa binti yake, wakasimama wamama wengine watano, na kabla ya Krismasi choo kilikuwa na mlango na komeo.

Mkutano wa masista ni Jumamosi saa tatu kamili. Wanaanza kwa wakati, viti vimepangwa, karatasi ya ajenda inagawiwa mlangoni, na kila kitu ni Kifaransa. Wazazi wanaosema ni walewale: mwanasheria, daktari, baba anayefanya kazi kwenye kampuni ya madini. Kando yangu alikaa fundi makanika mmoja kutoka Kampemba, analipia watoto watatu bila deni. Katika mikutano minne sikumsikia akifungua mdomo. Tukitoka nje, barabarani, ndipo anayasema yote, na yote ni ya maana: saa ya kutoka imesogezwa, watoto wadogo wanavuka barabara kubwa wakati malori yanapita kwa wingi.

Nilimwendea masere, nikamwomba dakika kumi za Kiswahili mwishoni mwa kila mkutano. Sikutegemea. Mkutano uliofuata alizitoa, na yule fundi akasimama akasema habari ya malori. Siku hizi kuna mlinzi anayesimamisha magari saa ya kutoka. Nalisimulia hili kwa sababu watu wanafikiri kwa masista huwezi kubadilisha kitu. Unaweza, ila lazima uende mwenyewe, mmoja kwa mmoja, na heshima yako mkononi. Wengi wetu hatuendi.

Na kwa nini hatuendi? Nina wazo langu, na linatoka nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kampuni ilitupa nyumba, unga wa bukari (ugali), hospitali, na shule. Baba hakuwahi kuingia darasani kwetu hata siku moja, na hakuna aliyemlaumu, maana shule ilikuwa ya kampuni. Kisha kampuni ikaanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walipewa fedha za kuondoka, baba yangu akiwemo, na kwa ghafla wazazi wa mji huu wakatakiwa kulipia, kusimamia na kuuliza mambo ambayo hawakuwahi kuyauliza. Nikimwona mzazi amekaa kimya nyuma ya ukumbi, simwiti mvivu. Namwona baba yangu.

Fedha, na kilichotokea 2019

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Ilibaki maandishi hadi Septemba 2019, ndipo serikali ilipoanza kuitekeleza. Kabla ya hapo, tangu serikali iliposhindwa kulipa walimu miaka ya 1990, sisi wazazi ndio tuliobeba mishahara kwa kile tulichokiita prime. Mtoto ambaye prime yake haijaingia alirudishwa nyumbani.

Nilifurahi kwa ajili ya majirani zangu wengi. Watoto waliokuwa wanazunguka sokoni Kenya, mtaa wa hapa mjini, na mabeseni ya karanga waliingia darasani. Lakini nilikuwa kwenye komite wakati huo, na niliona jambo ambalo sikulitarajia. Kabla ya 2019 mkutano wa Septemba ulijaa hadi madirishani, kwa kuwa fedha ndizo zilikuwa zinaamuliwa. Tulibishana kwa kila franka mia tano, na katikati ya ubishi ule tulizungumza pia juu ya vitabu, viboko, na mwalimu anayelewa. Prime ilipoondoka, wazazi nao waliondoka. Septemba ya 2020 hata haikufika, maana mwaka ule wa korona shule zilifunguliwa Oktoba. Tulipoitisha mkutano, walikuja watu wasiofika thelathini kwa shule yenye watoto mamia. Wengi waliniambia usoni: «Mama, kama silipi, nitaongea nini?»

Hilo ndilo kosa kubwa linalofanyika parokia leo. Mtoto ni wako ulipe au usilipe. Na madarasa yamejaa kuliko zamani, mwalimu mmoja mbele ya watoto sitini na zaidi, wengine wanasoma asubuhi na wengine mchana, kwa hiyo jicho la mzazi linahitajika zaidi kuliko wakati wa prime.

Kumbuka pia kwamba bure ni ya shule ya msingi. Sekondari ya konvansione bado ina ada, na gavana wa mkoa anatoa amri ya kila mwaka inayopanga viwango. Omba kuiona amri hiyo. Komite nzuri inayo nakala yake, na inaisoma mbele ya wazazi kabla mtu hajatoa hata franka moja.

Kwa masista, ada inazungumzwa kati ya wenye shule na komite ya wazazi, kwa dola, kwa awamu tatu. Ni nzito. Faida yake ni kwamba hesabu naziona: mwisho wa mwaka masere mhasibu anasimama na kusoma kilichoingia na kilichotoka, chaki, mishahara, mafuta ya jenereta kwa siku SNEL, kampuni ya umeme, inapotunyima umeme. Hasara yake ni ya moyoni. Mzazi anayechelewa kulipa anaanza kujificha. Nilipita hapo mwaka mmoja biashara ilipoanguka. Niliacha kwenda mikutanoni, nikawa nampeleka mtoto na kumwacha mbali na geti. Hakuna aliyenifukuza. Nilijifukuza. Na wakati ule ndipo binti yangu alipoanza kushuka kwenye hesabu, nami sikujua hadi buletini ilipokuja.

Daftari la kila siku

Kwa kufuatilia mtoto mmoja mmoja, masista wanashinda. Daftari la mawasiliano linakuja nyumbani kila siku, unatia sahihi, kesho yake titilere, mwalimu wa darasa, analikagua. Usipotia sahihi siku mbili, simu inalia. Mwaka binti yangu alipofiwa na rafiki yake, titilere alitambua kabla yangu kwamba hali chakula cha mchana.

Parokia daftari lipo kwa jina. Mwalimu wa watoto sitini hawezi. Lakini anakaa avenyu ya tatu kutoka kwangu, namkuta kwenye bomba la maji, ananiambia: «Mama, huyu kijana wako ana akili lakini anasinzia, analala saa ngapi?» Hayo pia ni mawasiliano. Tofauti ni kwamba la masista linafanya kazi hata ukiwa mgeni mtaani, na la parokia linafanya kazi kama unajulikana.

Shirika, komunyo ya kwanza, na kilio

Jumuiya ya shule ya parokia haiishii getini. Watoto wanaosoma pamoja ndio wanaoimba pamoja kwenye kwaya, wanaovaa kitambaa cha Kizito-Anuarite, chama cha watoto Wakatoliki, au cha skauti Jumamosi, wanaofuata katekisimu kwa katekista mmoja na kupokea komunyo ya kwanza siku moja. Mama wa mwenzake na mwanao ni msimamizi wako wa ubatizo, au yuko shirika la jirani. Ukuta wa shule ulipoanguka kwa mvua ya Januari, tangazo lilisomwa misani, na Jumamosi wababa walifika na mwiko na koleo. Mwashi alikuwepo, seremala alikuwepo, na wamama tulipika bukari na mboga kwa sufuria kubwa. Kwa masista, ukuta ukianguka wanaita kampuni. Unasimama vizuri zaidi, lakini hakuna mtoto anayeweza kusema «tofali lile baba yangu aliliweka.»

Na kuna kilio. Mume wangu alipofariki, walimu wa parokia walikuja siku ya kwanza wakalala uani pamoja nasi kwenye mikeka. Wanafunzi waliimba mazishini. Komite ilileta gunia la unga na kuni. Kutoka kwa masista ulikuja ujumbe wa watu wanne, na bahasha, na misa nzuri ya kumwombea. Masere alinipunguzia ada ya mwaka ule bila mimi kuomba, jambo ambalo parokia isingeweza kulifanya. Siwezi kusema upendo upi ulikuwa mkubwa. Najua tu kwamba usiku wa kwanza nilihitaji watu, na Septemba nilihitaji punguzo.

Lakini nisimsahau jirani yangu wa Kanisa la Neo-Apostolic, ambaye watoto wake wanasoma parokia kwetu. Habari zote za shule zinatangazwa misani. Yeye hasali kwetu. Mara mbili alikosa mkutano, mara moja akakosa siku ya kuandikisha watoto wa mtihani, na alinijia analia. Kwa masista barua inamfikia kila mzazi, awe Mmetodisti, Mwislamu au Mkatoliki. Kama wewe si mtu wa parokia, lipime hili kwa uzito. Na sisi Wakatoliki tulio kwenye komite tunapaswa kulirekebisha. Ujumbe wa simu haugharimu kitu kikubwa.

Maana Kanisa lenyewe limesema wazi. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko la elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, unawaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 796, inawataka wazazi na walimu washirikiane kwa karibu, walimu wawasikilize wazazi kwa moyo, na vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe na kuheshimiwa. Haisemi wazazi waliobatizwa tu. Direktere akikuambia kwamba komite inaleta fujo, mkumbushe kanuni hiyo kwa upole. Mimi nimefanya hivyo, na ilisaidia.

Mimi ningechaguaje

Kwa shule ya msingi, kama unakaa karibu na parokia na una Jumapili yako, mpeleke parokia, lakini kwa sharti moja: uingie kwenye komite au ukae karibu na aliyemo. Bila wewe, darasa la watoto sitini litammeza. Hii ndiyo sababu nilimrudisha wa katikati. Kwa masista alikuwa anafundishwa vizuri, ila kutoka Katuba hadi kule ni magari mawili asubuhi na mawili jioni, na mimi Jumamosi niko sokoni. Katika miaka miwili nilihudhuria mkutano mmoja. Nilikuwa nalipia shule nisiyoijua, na hainijui.

Kama kazi yako haikuachii nafasi, uko safarini Kolwezi au Kasumbalesa wiki nzima, na fedha inapatikana bila kukopa, nenda kwa masista. Daftari lao na simu yao vitafanya sehemu ya kazi yako. Usiende kwa kukopa. Nimeeleza deni linamfanyia nini mzazi.

Kwa sekondari naegemea masista, hasa kwa binti. Katika umri ule mambo mengine mtoto hamwambii mama, na nimeona sista mwenye subira akiyasikia kwa wakati. Bweni sikulipitia, kwa hiyo silipimi hapa.

Vyovyote utakavyochagua, kabla ya kulipa nenda shuleni siku ya kawaida, saa ya mapumziko, uombe mambo matatu: majina ya wajumbe wa komite ya wazazi, tarehe ya mkutano wao wa mwisho, na jambo moja walilolibadilisha mwaka uliopita. Nilipokwenda kumwandikisha kitinda mimba wangu, niliuliza hivyohivyo kwenye shule mbili. Ya kwanza walinipa kipeperushi cha rangi. Ya pili direktere alinyanyuka, akanipeleka nyuma ya madarasa, akanionyesha kile choo chenye mlango na komeo. Hakujua kwamba nilikuwepo siku yule mama aliposimama. Nilimwandikisha palepale.